Mtoto Akitoka Kwenye Mkeka, Tumpokeeje?



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja alinivuta pembeni barazani. Mwanawe wa miaka 15 alikuwa ameshiriki mashindano ya judo. Alishinda pambano la kwanza, lakini alitoka akihema, miguu ikitetemeka, mikono haina nguvu hata ya kukaza mkanda. Baba alimwamuru alale chini asijitikise, ili sumu itulie mwilini. Kijana alishindwa pambano la pili, na njiani kurudi nyumbani akaitwa mvivu. “Katibu,” akaniuliza mzee, “je, nimemdhulumu?”

Ndugu zangu, jibu linaanzia katika damu. Pambano la judo la watu wazima hupangiwa dakika 4 tu, lakini katika dakika hizo misuli hudai nguvu kwa kasi ambayo oksijeni peke yake haiwezi kuitosheleza. Hapo mwili huvunja sukari kwa haraka, na ndipo huzalishwa kitu kiitwacho laktati. Mtu aliyepumzika huwa na kiasi cha milimoli 1 hadi 2 za laktati katika kila lita ya damu. Baada ya pambano gumu, kiwango hicho huweza kufika 10 na kuzidi.

Wengi huidhania laktati kuwa sumu. Sivyo. Moyo na misuli huitumia kama kuni, na ini huirudisha kuwa sukari. Njia hiyo ya ini ilielezwa na wanasayansi Carl na Gerty Cori, mume na mke, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwanamichezo akipumzika kwa takriban saa moja, kiwango hurudi karibu na kawaida yake. Ama maumivu ya kesho yake, hayo hutokana zaidi na majeraha madogo madogo ya misuli.

Basi tufanyeje? Kijana asianguke chini papo hapo. Atembee taratibu kwa dakika 10 hadi 15, kwani mwendo mwepesi huondoa laktati upesi kuliko kulala. Anywe maji kidogo kidogo, na kama pambano jingine liko mbali, ale tende au ndizi. Hata hivyo, kushuka kwa laktati si dhamana ya ushindi. Anayeweza kutembea huenda akashindwa, na aliyelala huenda akashinda.

Mambo mawili hayana mzaha. Kwanza, aliyepigwa au kuangukia kichwa, kisha akatapika, akachanganyikiwa au akazimia, asirudi ulingoni, apelekwe hospitali. Pili, tusiwaruhusu watoto kujinyima maji na kujitoa jasho ili wapunguze uzito kabla ya kupimwa. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki kwa kufanya hivyo, wote ndani ya wiki chache. Mwili ni amana, nasi wazazi tutaulizwa juu yake.

Nilimjibu mzee kwamba kumlaza hakukuwa dhuluma. Alikosa elimu tu, na hatuwezi kusema ndiko kulikomshindisha kijana. Dhuluma ilikuwa katika lile neno “mvivu”. Miguu iliyotetemeka ilikuwa ushahidi kwamba kijana ametoa kila alichokuwa nacho. Nikamkumbusha pia kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa nguvu ya kweli haipimwi kwa kuangusha watu, bali kwa kuizuia nafsi wakati wa hasira. Siku ile mtihani huo ulikuwa wa baba, si wa mwana.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema atamwomba mwanawe radhi kabla ya swala ya Isha.

Allah atujaalie kuwapokea watoto wetu kwa huruma, washinde au washindwe. Wabillahi tawfiq.