Nyerere alibatizwa, nchi haikubatizwa

Asubuhi mstarini, shule ya msingi. Msichana mwenye hijabu na mwenzake mwenye rozari shingoni wamesimama bega kwa bega, mikono imenyooka ubavuni, wanaimba Mungu Ibariki Afrika. Wimbo huo aliutunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Ni wimbo wa kanisani. Ulipofika kwetu ukamwita Mungu kwa jina lile lile linalotajwa msikitini, na hakuna mtoto anayejiona mgeni akiuimba.

Tunaanza na wimbo kwa sababu kila siasa zinapopamba moto hawakosekani wanaodai kuwa dini yao ndiyo iliyoizaa Tanzania. Wakristo wenye madai hayo humtanguliza Mwalimu Nyerere. Basi tumtazame Mwalimu.

Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa. Alifundisha katika shule za Wakatoliki, Tabora na kisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo ili akitumikie chama cha TANU. Waliompokea Dar es Salaam wengi wao walikuwa Waislamu: Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Ameir. Bibi Titi Mohamed aliwafuata wanawake kwenye vikundi vya lelemama, akawaingiza chamani kwa maelfu. Anayesimulia uhuru wetu bila majina haya anawadhulumu waliolala njaa kwa ajili yake.

Imani ya Mwalimu ilikuwa ya kweli. Alikwenda Misa ya asubuhi hata alipokuwa Rais. Lakini sisi tunaiona zaidi katika Sheria ya Elimu ya 1969, iliyofungua njia ya serikali kuzitwaa shule za misheni. Kabla ya hapo, mahali pengi mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome hakuwa na mlango mwingine ila wa misheni, na alihofia mtoto angerudi likizo na jina jipya. Rais Mkatoliki alilipokonya Kanisa lake chombo chake chenye nguvu kuliko vyote, ili mtoto wa mwenzake asome bila hofu hiyo. Mwaka 1970 akawaambia masista wa Maryknoll, New York, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, halitakuwa na maana tena kwa binadamu. Huo ndio Ukristo uliochangia kulijenga taifa hili, na tunauheshimu.

Zambia walishika njia nyingine. Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Chiluba aliitangaza nchi yake kuwa ya Kikristo, na mwaka 1996 maneno hayo yakaingia kwenye utangulizi wa Katiba. Hatuoni tangazo hilo lilimwongezea nini maskini wa Lusaka. Katiba yetu, ibara ya 3, inasema nchi hii haina dini, na ibara ya 19 inamlinda kila mtu na imani yake. Zibaki hivyo.

Tuna ombi kwa maaskofu, wachungaji na masheikh. Mwaka wa uchaguzi, mgombea akija kusali, mkaribisheni. Aketi kwenye benchi au mkekani pamoja na waumini wengine, na kipaza sauti kibaki mkononi mwa anayeongoza ibada.