Kabla ya kuchagua chuo, uliza ni nani atakayemkosa mwanao

Leo nataka tuketi kitako, wewe mzazi na wewe mwanafunzi, tuzungumzie jambo ambalo aghalabu tunalikumbuka maji yakiwa yamekwisha kuzidi unga.

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja alichinja mbuzi. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameitwa kujiunga na chuo ambacho mzazi yeyote wa jiji hili angefurahi kukitaja mbele ya wageni. Tulikula, tukaomba dua, tukachanga. Kijana mwenyewe, mpole na mwenye haya tangu utotoni, akaondoka na godoro lake jipya na ndoo ya plastiki.

Muhula wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Muhula wa pili simu zikawa fupi. "Niko sawa, Mama," alikuwa akisema, na mama akiridhika. Pesa za matumizi zilitumwa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Likizo ilipofika baba yake akafunga safari kwenda kumsaidia kubeba mizigo. Huko ndiko alikoambiwa na mwanafunzi mwingine kwamba kijana hajaonekana darasani kwa karibu miezi minne. Alimkuta katika chumba cha kukodi, mapazia yamefungwa saa saba mchana, amekonda, hataki kuzungumza.

Miezi minne, msomaji wangu! Wahadhiri hawakujua. Kiongozi wa darasa hakujua. Ofisi ya wanafunzi haikujua. Mtu pekee aliyekuwa na habari zake ni mwenye nyumba, kwa sababu ya kodi.

Namshukuru Mungu kijana yu hai na anaendelea vizuri. Alitibiwa, akapata ushauri nasaha, na sasa anasomea ufundi wa umeme karibu na nyumbani. Lakini neno aliloniambia mama yake sijalisahau. "Tuliuliza karo, tukauliza kozi, tukauliza nauli," alisema. "Mbona hatukuuliza kama pale mtoto hupata watu?"

Swali hilo lilinirudia mwaka huu, binti wa kaka yangu alipopata matokeo yake ya KCSE. Alifuzu vizuri, zaidi ya alama ya C+ inayohitajika kwa shahada. Kaka alikuwa na chuo kimoja tu kichwani, na sababu yake ilikuwa moja: jina.

Wengi wetu hudhani kwamba mtoto hana uchaguzi, kwamba serikali humtupa popote. Si kweli kabisa. Shirika la KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya bodi ya zamani ya JAB, humwachia mwanafunzi mwenyewe aorodheshe kozi na vyuo anavyovipenda. Kozi ileile, kama vile ualimu au biashara, hupatikana katika vyuo vingi. Kwa hivyo alama zikiruhusu, swali la chuo gani ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa macho wazi.

Bila shaka kuna mambo yanayotangulia. Hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, au na mamlaka ya TVETA ikiwa ni chuo cha ufundi. Kwa sheria, uhandisi au uuguzi, uliza pia kama bodi ya taaluma hiyo inakitambua chuo. Furaha haiwezi kuponya cheti kisichotambuliwa. Lakini ukishavuka kizingiti hicho, usisimame hapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na njia ya pekee ya kuwajua ni kuwauliza wanaokilalia.

Nilimwambia kaka anipe binti yake kwa siku mbili. "Dada," akaniambia, "watoto hawaendi chuoni kucheka. Wanaenda kusoma." Nikamjibu kwamba mtoto asiyelala usiku kwa upweke hasomi chochote, hata ukimjengea maktaba ya ghorofa kumi. Akanyamaza, akanipa nauli.

Hatukwenda siku ya wageni. Siku hiyo kila chuo hupiga rangi, na wanafunzi wanaokuonyesha njia wamechaguliwa kwa tabasamu zao. Tulikwenda Jumanne, siku ya kawaida, wiki ambayo mitihani ilikuwa inakaribia. Ukitaka kuijua nyumba, itembelee siku ambayo hawakutarajii.

Chuo cha kwanza kilikuwa kile cha kaka, na majengo yake ya vioo yalitupendeza. Tulinunua chai kwenye kibanda nje ya lango, tukajiunga na wasichana watatu wa mwaka wa pili. Sikuwauliza kama wanakipenda chuo chao, maana swali hilo hujibiwa kwa adabu. Niliwauliza hivi: "Mwenzenu akiugua saa nane usiku, mnafanya nini?" Wakatazamana, wakacheka. "Utajipanga," mmoja akasema. Nikauliza, je, kuna anayemjua mwanafunzi ambaye alama zake zilipotea? Wote watatu wakainua mikono. Mmoja alikuwa ameifuata alama ya somo moja kwa mihula miwili, kutoka ofisi hii hadi ile.

Tulimtafuta mshauri nasaha. Ofisi ilikuwapo, jina mlangoni likiwapo, lakini kufuli ilikuwa na vumbi. Askari wa pale akatuambia tujaribu wiki ijayo.

Chuo cha pili kilikuwa cha kawaida mno. Mabweni ya zamani, mabati yenye kutu, na foleni ya maji asubuhi. Binti alikunja uso. Lakini kwenye mfereji wa maji alimwuliza msichana mmoja swali lilelile la ugonjwa wa usiku. Yule msichana hakufikiri hata kidogo. Alimtajia mlezi wa bweni, akamtajia kiongozi wa wanafunzi wa ghorofa yake, akamwambia zahanati ina muuguzi wa zamu usiku. "Mwezi jana tulimpeleka mwenzetu," akasema, "na mwalimu wetu alikuja asubuhi kumwona." Katika ubao wa matangazo tuliona ratiba ya klabu ya drama, ya mpira wa wavu, ya kwaya, na saa za wahadhiri kuonana na wanafunzi. Tulipanda ngazi kuhakikisha. Mhadhiri alikuwa ofisini, na nje ya mlango wake vijana wawili walikuwa wakingojea zamu.

Sisemi chuo cha vioo ni kibaya, wala kwamba mabati yenye kutu ni dalili ya upendo. Ningeweza kukuta kinyume chake. Nasema tu kwamba tulijua tofauti hiyo kwa sababu tuliuliza, na tuliwauliza waliomo.

Basi mzazi mwenzangu, ukienda, au ukimtuma mtoto, fanya hivi. Kwanza, zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado ni wageni na kila kitu kwao ni kipya. Uliza mambo yaliyotokea, usiulize maoni. Mara ya mwisho ulipokwama kwa karo, ulikwenda kwa nani? Mwenzenu alipofiwa, chuo kilifanya nini? Ukikosa darasani wiki mbili, nani atakupigia simu? Jibu la swali hili la mwisho lina uzito kuliko picha zote za kijitabu chao.

Pili, kaa hadi jioni. Wanafunzi wengi hawapati nafasi katika mabweni, hukodi vyumba mitaani. Tembea kwa miguu kutoka maktaba hadi huko wanakolala, saa moja na nusu usiku. Je, taa zipo? Je, wasichana hutembea peke yao au hungojeana? Uliza kodi na maji. Msichana anayeogopa njia ya kurudi huiacha maktaba saa kumi na moja, na hilo utalisoma katika matokeo yake.

Tatu, uliza chuo kilifanya nini wakati wa shida. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walipogoma mwaka 2025, kuanzia Septemba hadi Novemba, masomo yalikwama kwa siku 49. Chuo hakiwezi kuzuia mgomo wa nchi nzima. Lakini uliza: wanafunzi walipewa habari mapema? Ratiba ilipangwaje upya? Wale waliokwama hosteli bila chakula walisaidiwa na nani? Tabia ya mtu huonekana siku ya dhiki, na ya chuo vilevile.

Nne, mtazame mtoto wako. Yupo anayechanua kwenye umati, na yupo anayezama humo. Mwenye haya huenda akafaidika na chuo kidogo ambamo mhadhiri atamjua kwa jina. Yule mchangamfu wa jiji ukimpeleka mahali pa kimya sana huenda akachoka kabla ya Krismasi. Usimchagulie chuo ulichokitamani wewe ukiwa kijana.

Na tafadhali tusichanganye furaha na raha. Nimeona vyuo ambako muziki haunyamazi kuanzia Alhamisi na baa zimepangana kuanzia langoni. Mgeni wa siku moja angesema hapa watu wanaishi! Lakini furaha ninayoisema haina kelele. Ni mwanafunzi anayeweza kusema "sielewi" bila kuchekwa, na "nimeshindwa" bila kufukuzwa. Wakati mwingine hupatikana penye masomo magumu kabisa, mradi wanayabeba pamoja.

Jambo hili si la anasa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria za jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha katiba. Maana yake ni kwamba aliyefika ukingoni anastahili msaada, si pingu. Lakini uamuzi wa mahakama haubishi hodi kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Hodi hupigwa na mwenzake, mlezi wa bweni, mhadhiri, au mzazi asiyeridhika na "niko sawa".

Na ikiwa mtoto amekwisha kupelekwa mahali ambapo hapakumfaa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. KUCCPS hufungua kipindi cha kuomba uhamisho wa kwenda chuo kingine, kwa hivyo fuatilia matangazo yao na usingoje hadi alama ziharibike. Wakati huo huo, mpigie simu siku ambayo si ya kutuma pesa. Mwulize majina ya marafiki zake. Akishindwa kutaja hata mmoja kufikia katikati ya muhula, panda matatu uende.

Binti wa kaka yangu alikiweka kile chuo cha mabati juu ya orodha yake. Kaka alinuna siku tatu, nami sikumlaumu, maana jina la chuo ni kitu kitamu mdomoni. Siku ya nne akaniita kando. "Dada, nimemwuliza kwa nini," akasema. "Ameniambia kule kwingine akiugua atajipanga." Akatikisa kichwa, kisha akaniuliza ni matatu gani huenda huko, ili akajionee mwenyewe siku ya Jumanne.

Wewe je, mwanao ukimwuliza nani atamkosa asipoonekana darasani, atakujibu nini? Mwulize leo mkiwa mezani. Jumapili njema, na tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia.