Kiranja wa Mwalimu si Baraza la Wanafunzi



Kila muhula wazazi wa Kenya huitwa shuleni kuelezwa habari za karo, matokeo na nidhamu. Mzazi akithubutu kuuliza wanafunzi wenyewe wanasemaje, huambiwa baraza la wanafunzi lipo. Ukichunguza, mara nyingi utakuta ni viranja wale wale walioteuliwa na walimu, wamebadilishwa jina tu.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Kiranja aliyeteuliwa na mwalimu huteremsha amri. Mjumbe aliyechaguliwa na wenzake hupandisha hoja. Hizo ni kazi mbili mbalimbali, na shule inahitaji zote mbili.

Nchi hii imelipa gharama kubwa kujifunza hilo. Mwaka 1999, katika shule ya upili ya Nyeri High, viranja wanne walichomwa moto na wanafunzi wenzao chumbani mwao, wakafa. Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Kuchoma bweni ni jinai na ni dhulma, hakuna malalamiko yanayoihalalisha. Lakini mtu mzima mwenye akili hujiuliza: chuki ile ilikua muda gani bila ya mkubwa yeyote kuijua?

Ndiyo maana mwaka 2009 likaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, kwa msaada wa UNICEF, na shule zikahimizwa kuwaachia wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza kiti katika bodi ya usimamizi wa shule, kwa wadhifa wake. Hii ni sheria ya nchi, si hisani ya mwalimu mkuu.

Wako wasemao, "Mtoto anajua nini? Aende akasome." Wahenga walijibu zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni mwanafunzi anayejua kwamba mwalimu wa fizikia hajaingia darasani wiki ya tatu, kwamba foleni ya chakula inamla nusu saa ya masomo ya jioni, kwamba mlango wa bweni hufungwa kwa kufuli usiku. Haya yote yanagusa masomo, na la mwisho linagusa roho yake.

Nasi Waislamu tuna hoja zaidi. Sura nzima ya Qur'an inaitwa Ash-Shuura. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (s.a.w.) aliona afadhali kubaki Madina. Vijana wengi walitaka kutoka, naye akafuata shauri hilo. Vita vikawa vigumu, na bado katika Aal-Imran, sura inayozungumzia Uhud, akaamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Basi ni mwalimu gani au mzazi gani aliye mkubwa mno hata asiwashauri vijana?

Tuseme kweli pia: baraza peke yake halipandishi alama za KCSE. Mwanafunzi asiyefungua kitabu atafeli hata akiwa mwenyekiti. Wala hatusemi wanafunzi waajiri walimu au wapange mitihani. Tunasema wasikizwe mapema, kwa sababu shule inayofungwa kwa fujo huwapoteza wote wiki za masomo, mwenye bidii na mvivu. Mwaka 2016 pekee, shule zaidi ya 100 zilikumbwa na moto. Hesabuni wenyewe vipindi vilivyopotea.

Wazazi, mkutano ujao ulizeni mambo matatu. Viongozi wa wanafunzi walichaguliwa kwa kura ya siri? Mwakilishi wao aliitwa katika kikao cha mwisho cha bodi? Hoja walizoleta zilijibiwa vipi? Mkipewa majibu ya kuzungusha, msinyamaze.

Nanyi wanafunzi, mkichaguliwa mjue ni amana. Semeni yaliyo kweli, kwa adabu, na msitumie cheo kukwepa masomo.

Allah awahifadhi watoto wetu na atujaalie masikio ya kuwasikiza kabla ya moshi kuonekana. Amin.