Nani Anauza Moshi Wetu?



Jumapili moja, kisha ibada hapa Kasomeno, mama mmoja mwenye kuuza makala kandokando ya njia ya Lubumbashi alinishika mkono. "Baba Pasta, banasema moshi ya mbabula inauzishwa ku Bulaya. Batu balikuya, baliandika majina yetu, banaleta mbabula ya mupya ya bei kidogo. Ile makuta ya moshi, nani anakulaka?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ninyi wa migodini mtaelewa upesi. Sehemu ya shaba yetu imo ndani ya mawe yenye salfa. Ukiyayeyusha, unatoka moshi mkali wa kukohoza. Miaka mingi moshi huo uliachwa upande juu tu, na miti iliyokuwa upande wa upepo wa cheminee kubwa ya Lubumbashi ilikufa. Leo tanuru kama ile ya Lualaba Copper Smelter kule Kolwezi, iliyofunguliwa mwaka 2020, inashika moshi ule na kuugeuza kuwa asidi, kwa maana migodi inahitaji asidi kwa kuyeyusha madini. Sitaki kuwasingizia mainjinia kwamba hawapendi miti. Lakini moshi wenye bei unashikwa upesi zaidi.

Sasa, moshi wa kaboni hautoi asidi, hakuna wa kuununua. Ikabidi wakubwa wautungie bei. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulianzisha soko: jumla ya moshi inawekewa mpaka, na kila fabriki iwe na hati kwa kila tani inayotoa. Ukipunguza moshi, hati zinazobaki unauza. Ukizidisha, unanunua. Je, mafundi walivumbua kitu? Wachunguzi wawili waliandika mwaka 2016 kwamba kampuni zilizofungwa na soko hilo ziliandikisha uvumbuzi wa kupunguza kaboni zaidi, hata kufika asilimia 10. Si muujiza, lakini ni kitu. Na pale hati zilipogawiwa nyingi kupita kiasi, bei yake ikaanguka karibu sifuri mwaka 2007. Hati ikiwa ya bure, bwana mkubwa gani atalipa fundi akeshe usiku?

Kongo haimo katika soko hilo. Yale yanayofika kijijini ni ya namna nyingine: kampuni inaleta mbabula inayokula makala kidogo, inahesabu moshi ambao haukutoka, kisha inauza hesabu hiyo kwa kampuni za mbali. Inaitwa kredi ya kaboni.

Na hapa uvumbuzi upo kweli. Kule Ruiru, karibu na Nairobi, fabriki ya BURN inatengeneza mbabula inayoitwa Jikokoa. Wachunguzi waliifuata katika nyumba za Nairobi, wakapima hata majivu, wakaona pesa za makala zimepungua kwa asilimia 39. Shida ilikuwa bei. Mbabula ilikuwa ya dola 40 hivi, na watu kwa wastani walikuwa tayari kutoa 12 tu. Feza ya kaboni inaweza kuziba shimo hilo, na kumpa fundi sababu ya kutengeneza nyingine iliyo bora kuliko ile.

Lakini angalieni: anayelipa yuko mbali, haoni chungu chako. Ananunua karatasi. Mwaka 2024 wachunguzi wa chuo kikuu cha California walitangaza kwamba katika miradi waliyoichunguza, kredi zilikuwa zimezidishwa mara 9 hivi kuliko ukweli. Miradi iliyopima makala au gesi yenyewe kwa vyombo ilizidisha kidogo tu, mara moja na nusu. Mahali karatasi inapotosha kuleta dola, akili ya kampuni inahamia kwenye karatasi. Mahali wanapopima majivu, inabaki kwenye mbabula.

Nikarudi kwa mama. Nikamwambia: feza ya moshi inakulwa na mwenye mradi, isipokuwa mapatano yaseme vingine. Sehemu yako ni ile bei kidogo. Uliza wanahesabu namna gani, na usitie sahihi kwamba unapika na mbabula mupya kila siku kama ile ya zamani bado inawaka nyuma ya nyumba. (Ilikuwa inawaka. Niliiona.)

Juma lililofuata alikuwa amekwisha kuomba mizani kwa muuza samaki na kupima majivu yake mwenyewe. Yamepungua, anasema. Kisha akatazama magunia yake.

"Ni muzuri, Baba Pasta. Lakini batu ba Lubumbashi bakianza kupika na makala kidogo, miye nitauzisha kwa nani?"

Hapo sikuwa na neno. Magunia saba yalikuwa yamesimama njiani, na lori la jioni lilikuwa bado halijapita.