Nyumba ya Kwanza juu ya Mwamba wa Quebec



Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, Kanada yajulikana zaidi kwa mapadri na masista wake. Huko Butare, Chuo Kikuu cha kwanza cha Rwanda kilifunguliwa mwaka 1963 chini ya uongozi wa Padri Georges-Henri Lévesque, Mdominiko wa Quebec, na katika misheni za Uganda Wakanada walitangulia miaka mingi kabla yake. Lakini wazee wa Wakanada hao walikuwa Wafaransa, nao walifika Kanada wakiwa wageni, katika nchi iliyokuwa na wenyewe. Leo twapenda kuwasimulia habari za nyumba yao ya kwanza, nyumba ya Louis Hébert, mtengeneza dawa, na mkewe Marie Rollet. Katika nyumba hiyo aliishi pia mtoto mmoja wa Kiafrika, na habari zake si wengi wanaozijua.

Mwaka 1608 Samuel de Champlain alijenga boma chini ya mwamba wa Quebec, ukingoni mwa mto Saint-Laurent. Wainnu ndio waliokuwa wakiwinda na kuvua katika sehemu zile, na mbali zaidi, upande wa magharibi, Wawendat walikuwa na vijiji vikubwa na mashamba ya mahindi. Wafaransa hawakufuata mashamba. Walifuata ngozi za mnyama mmoja wa mtoni, akataye miti kwa meno yake na kujenga mabwawa, ambaye kwa Kifaransa huitwa kastori. Kwa manyoya yake zilitengenezwa kofia za mabwana wa Ulaya, na faida ilikuwa kubwa. Baridi ya huko, sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatuwezi kuiwaza vizuri: mto wenyewe hugeuka barafu, na theluji hulala juu ya nchi miezi mingi. Majira ya baridi ya kwanza yalipoanza, watu wa boma walikuwa 28. Yalipokwisha, walikuwa 8. Kiseyeye na kuhara vilikuwa vimewamaliza wenzao.

Kampuni iliyoshika biashara ya ngozi ilipeleka makarani, wakalimani na mafundi. Watu hao walikaa miaka michache wakarudi kwao. Chakula chao kililetwa kwa merikebu kutoka Ufaransa kila mwaka, kana kwamba nchi ile haikuwa na udongo. Champlain alitambua kwamba mahali pa namna hiyo si mji, ni duka tu. Akatafuta mtu wa kulima, naye akamkumbuka Louis Hébert.

Louis alizaliwa Paris yapata mwaka 1575. Baba yake alikuwa mtengeneza dawa katika nyumba ya malkia Catherine de Médicis, na mwana alirithi kazi ya baba. Zamani zile kazi hiyo ilikuwa kazi ya majani na mizizi. Asiyejua mimea hakujua dawa. Labda ndiyo sababu Louis alipenda bustani kuliko duka. Mwaka 1606 alivuka bahari mpaka Port-Royal, katika nchi ya Akadia, akatibu wagonjwa na kujaribu mbegu zake. Baadaye alirudi huko tena, mpaka mwaka 1613, Waingereza wa Virginia walipokuja wakayachoma makao hayo. Basi akarudi Paris, kwenye mizani yake na chupa zake.

Hapo ndipo Champlain alipomwita Quebec. Kampuni iliahidi kumlipa sarafu 200 za eku kila mwaka kwa miaka 3, pamoja na chakula. Louis akauza nyumba, akaacha kazi yake, akamchukua Marie na watoto wao watatu, Anne, Guillemette na Guillaume, wakashuka mpaka bandari ya Honfleur. Ilikuwa mwaka 1617. Pale bandarini, mizigo imekwisha kufungwa, wakubwa wa kampuni wakamwonyesha mkataba mwingine. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa kwanza. Yeye na watu wa nyumba yake wafanye kazi za kampuni. Wagonjwa awatibu bure. Alime wakati wa nafasi tu, na mavuno aiuzie kampuni kwa bei ya Ufaransa. Biashara ya ngozi asiiguse kabisa. Angefanyaje? Nyumba ya Paris ilikuwa na mwenyewe mwingine. Alitia sahihi. Wasomaji wetu waliopata kufanya kazi ya mkataba mbali na kwao hawana haja ya kuelezwa moyo wake ulikuwaje siku ile.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kampuni yenye merikebu ilimwogopa mkulima mmoja. Sababu si ngumu. Mwenye nafaka yake hanunui chakula katika ghala la kampuni. Tena mwenye shamba hatamani kurudi alikotoka. Atazaa watoto, na watoto watataka ardhi, na mwenye ardhi hutaka sheria na mwamuzi. Wafanya biashara waliijua njia hiyo inakoelekea.

Louis alipewa mahali juu ya mwamba, penye msitu mnene. Plau hakuwa nayo. Alikata miti kwa shoka, akang'oa visiki, akalima kwa jembe la mkono. Alipanda ngano, mahindi, njegere, na miche ya mitufaha iliyotoka Normandy. Wagonjwa walimjia, Wafaransa na Wainnu pia, na yasemwa kwamba hakuwadharau Wainnu kama wengi wa wenzake. Aliwaona kuwa watu wenye akili, waliokosa elimu ya shule tu. Binti yake Anne aliolewa mwaka 1618, na ndoa hiyo ilibarikiwa na mapadri Wafransisko waitwao Warekole, waliokuwa wamefika miaka 3 mbele. Maskini Anne alikufa mapema, katika kujifungua. Guillemette aliolewa mwaka 1621 na Guillaume Couillard, seremala na baharia, mtu wa kazi kweli kweli.

Mwaka 1620 Champlain alimweka Louis kuwa mwakilishi wa mfalme katika mambo ya hukumu. Mwaka uliofuata wakaaji wa Quebec walikutana, wakamwandikia mfalme mashtaka yao juu ya hali mbaya ya nchi, na Louis alitia sahihi katika barua hiyo. Mtengeneza dawa aliyenyamazishwa kule Honfleur alikuwa sasa amepata pa kusemea. Mwaka 1623 alipewa shamba lake liwe mali yake kwa haki, na mwaka 1626 haki hiyo ikathibitishwa na kuongezwa. Hakuifaidi siku nyingi. Aliteleza juu ya barafu, akaanguka, akafa mwezi wa Januari 1627. Plau ya kwanza ya Quebec, yenye kukokotwa na ng'ombe, ilipita katika ardhi hiyo mwezi wa Aprili 1628, nayo ilishikwa na mkwewe Couillard.

Halafu njaa ikaja. Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani, na ndugu wa ukoo wa Kirke, waliotumikia Uingereza, waliziteka merikebu za chakula. Watu wa boma walipimiwa njegere kidogo kidogo, wakaenda kuchimba mizizi porini. Shamba la mjane Marie na Couillard ndilo karibu shamba peke yake la Wafaransa lenye kitu, na halikutosha watu wote. Mwezi wa Julai 1629 Champlain alisalimisha boma. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba mapatano ya amani yalikuwa yametiwa sahihi Ulaya tangu mwezi wa Aprili, ila habari haikuwa imevuka bahari.

Champlain aliondoka, mapadri waliondoka, makarani waliondoka. Marie Rollet hakuondoka. Alikuwa ameolewa mara ya pili, na Guillaume Hubou, akabaki pamoja na Couillard, Guillemette na wajukuu. Walibaki nao pia wasichana wawili wa Kiinnu, Espérance na Charité, waliolelewa na Champlain na kukatazwa na Kirke wasisafiri naye. Miaka 3 nyumba hiyo ilikaa chini ya Waingereza bila padri na bila Misa. Wayezuiti walipofika mwezi wa Julai 1632, Quebec ikiwa imerudishiwa Ufaransa, walikwenda kusoma Misa katika nyumba hiyo ya Marie, na watu wa nyumba walilia kwa furaha. Hatushangai. Watu wa vijiji vyetu vya mbali, ambako padri hufika mara chache kwa mwaka, watawaelewa upesi.

Basi ni nani walioishika Quebec isipotee? Wenye vyeo wote walikuwa wamekwenda zao. Waliobaki ni mjane, seremala, na watoto.

Lakini tusiifanye nyumba hiyo kuwa ya malaika. Waingereza walipokuja, walileta mtoto mmoja mwanamume, ambaye Padri Paul Le Jeune, mkubwa wa Wayezuiti, aliandika kuwa alitoka kisiwa cha Madagaska, kile kilichoitwa Bukini na watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mtoto aliuzwa kwa eku 50 kwa karani mmoja Mfaransa aliyewatumikia Waingereza. Tufanye hesabu: Louis Hébert, kabla ya kupunjwa, aliahidiwa eku 200 kwa mwaka. Mtoto mzima alinunuliwa kwa mshahara wa miezi 3. Karani huyo alipoondoka mwaka 1632, alimwacha mtoto kwa Couillard.

Padri Le Jeune alimfundisha herufi. Yeye mwenyewe aliandika, kwa furaha, kwamba amekuwa mwalimu wa shule, mwanafunzi mmoja Mwinnu upande huu, na mtoto mweusi upande huu. Siku moja mtoto aliulizwa kama ataka kubatizwa, akaambiwa kwamba akibatizwa atakuwa kama wao. Akauliza je, watamchuna ngozi, maana yeye ni mweusi na wao ni weupe? Watu walicheka, naye alipoona amekosa kuelewa akacheka pamoja nao. Sisi hatukuweza kucheka sana. Mtoto aliyekwisha kuuzwa na kuvushwa bahari alikuwa na haki ya kuuliza watu hao wanataka kumfanya nini.

Alibatizwa mwaka 1633 akaitwa Olivier, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Padri Le Jeune akaitwa Olivier Le Jeune. Mwaka 1638 alimsingizia mkalimani Nicolas Marsolet kwamba alikuwa amepokea barua ya yule karani msaliti. Walimhukumu, wakamfunga minyororo saa 24. Katika karatasi ya hukumu alitia alama ya msalaba mahali pa jina. Kwa hiyo masomo yale ya herufi hayakufika mbali. Alikufa mwezi wa Mei 1654, na katika kitabu cha maziko aliandikwa mtumishi. Yawezekana alikula chakula kile kile cha watoto wa nyumba, na yawezekana alipendwa. Hata hivyo alikuja kwa bei. Baada yake watumwa waliongezeka katika Kanada, wengi wao watu wa makabila ya nchi yenyewe na wengine Waafrika, na utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika makoloni ya Uingereza, Kanada ikiwamo, mpaka tarehe 1 Agosti 1834. Quebec ilimsimamishia Louis Hébert sanamu mwaka 1918: yeye ameinua mganda wa ngano, Marie yuko na watoto, Couillard ameshika plau. Olivier hayumo.

Marie Rollet alikufa mwaka 1649. Katika uzee wake nyumba yake ilikuwa imepokea wasichana wa Kiinnu walioletwa na Wayezuiti ili wafundishwe, mpaka Masista Waursula walipofika mwaka 1639 pamoja na Mama Marie wa Umwilisho. Couillard alifuata mwaka 1663. Wakati huo Askofu François de Laval alikuwa amekwisha kufika, yule aliyewatenga na Kanisa wafanya biashara waliowauzia wenyeji pombe kali ili wapate ngozi zao kwa bei ndogo, jambo lililomletea maadui wengi miongoni mwa wakubwa wa serikali. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 2014, pamoja na Mama Marie.

Askofu Laval alitafuta kiwanja cha seminari yake, naye Guillemette, mjane mwenye watoto kumi aliowazaa, alimwuzia nyumba na shamba la baba yake mwaka 1666. Kisha akaenda kukaa kwa masista wa hospitali mpaka kufa kwake mwaka 1684. Katika karne ya 19 watu waliochimba uwanja wa seminari walikuta chini ya udongo misingi ya nyumba ya Couillard.