Mipaka ya Wadi na Uzito wa Kura: Haki Ipimwe Ndani ya Kaunti

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa kumsuta aliyekosa kufika barazani, inabeba kiini cha mjadala wa mipaka ya uchaguzi nchini Kenya. Mwananchi hawezi kufika mwenyewe katika bunge la kaunti yake. Humtuma mwakilishi wadi, aliyerithi kiti cha diwani wa zamani baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Zahanati ya kijiji, shule ya chekechea, soko na barabara ya udongo hujadiliwa katika bunge hilo. Kwa hiyo, idadi ya watu wanaomtuma mwakilishi mmoja ndiyo inayoamua iwapo sauti ya kila mmoja wao itasikika au itamezwa na umati.

Katiba ya mwaka 2010 haikulinyamazia suala hili. Kifungu cha 89 kinaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka jukumu la kutathmini mipaka ya maeneobunge kila baada ya muda usiopungua miaka 8 na usiozidi miaka 12, na kutathmini pia idadi, majina na mipaka ya wadi mara kwa mara. Kipimo ni chepesi kueleza: idadi ya watu wote nchini hugawanywa kwa idadi ya wadi, na kila wadi hutakiwa kukaribia wastani huo kadiri iwezekanavyo. Hata hivyo, Katiba inatambua kwamba nchi si ubao wa bao wenye mashimo yaliyolingana. Wadi inaweza kuuzidi wastani au kupungukiwa kwa asilimia 40 katika majiji na maeneo yenye watu wachache, na kwa asilimia 30 kwingineko, kwa kuzingatia sura ya nchi, njia za mawasiliano, na mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni ya wakazi.

Mipaka inayotumika hadi sasa ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Machi 2012, kwa kutegemea sensa ya mwaka 2009 iliyohesabu Wakenya 38,610,097. Nchi iligawanywa katika maeneobunge 290 na wadi 1,450. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 pasi na tathmini mpya, kwa kuwa tangu mapema mwaka 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na makamishna. Makamishna wapya walipoapishwa, tume ilieleza kuwa muda uliosalia haukutosha kuikamilisha kazi hiyo kabla ya uchaguzi wa mwaka 2027, kwani Katiba inataka tathmini iishe angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Wapo wanaouona ucheleweshaji huo kuwa suala la kalenda tu. La hasha! Kila mwaka unaopita, mitaa iliyofurika huendelea kusema kwa kinywa kimoja kilekile.

Takwimu zinadhihirisha hayo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Wastani wa kitaifa ukawa takriban watu 32,803 kwa kila wadi. Jiji la Nairobi lilikuwa na watu 4,397,073 na wadi 85, yaani watu 51,730 kwa kila mwakilishi. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 na wadi 10, yaani watu 14,392 kwa kila mwakilishi. Kaunti ndogo ya Embakasi peke yake, yenye watu 988,808, inakaribia kuizidi Lamu nzima mara saba.

Takwimu za namna hii ndizo zilizozaa kambi mbili ambazo zimekuwa zikirushiana maneno tangu tume ya Jaji Johann Kriegler ilipofichua, mwaka 2008, tofauti kubwa za idadi ya wapigakura kati ya maeneobunge ya nchi. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba kura ya mtu ni moja popote alipo, na kwamba ardhi tupu haipigi kura. Kambi ya pili inajibu kwamba mwakilishi wa eneo pana lisilo na barabara hawezi kulinganishwa na yule anayeizunguka wadi yake kwa miguu kabla ya jua la utosi. Kila upande una hoja yenye mashiko, na ndiyo maana mjadala huu haujapata mwamuzi.

Hata hivyo, kambi zote mbili zimepitiwa na jambo moja la msingi. Mwakilishi wadi wa Lamu na mwenzake wa Nairobi hawaketi katika bunge moja. Hawagombei bajeti moja wala hawapigi kura juu ya mswada mmoja. Mbunge wa Lamu Mashariki na mbunge wa Embakasi Kusini hukutana katika Bunge la Kitaifa, na kwa hiyo ni haki kuuliza kila mmoja anawasemea watu wangapi. Lakini mwakilishi wa Faza hampunguzii chochote mkazi wa Kwa Njenga. Anayeweza kupunjwa na uzito wa kura ya Faza ni mkazi wa Witu au Mkunumbi, ambaye mwakilishi wake huketi naye katika ukumbi mmoja na kugawana naye fungu moja la fedha. Makala haya yanashikilia, basi, kwamba usawa wa wadi unapaswa kupimwa kwanza ndani ya kaunti, ndipo utazamwe kwa jicho la kitaifa.

Athari za kutumia kipimo cha kitaifa pekee ni nzito. Wastani wa watu 32,803 ukifuatwa bila ulegevu wowote, Nairobi itastahiki takriban wadi 134, nayo Lamu itabaki na nne. Bunge la kaunti lenye wawakilishi wanne waliochaguliwa, hata likiongezewa wateule wa viti maalumu, litaundaje kamati za afya, ardhi na bajeti? Litamhoji gavana kwa nguvu zipi? Ugatuzi uliokusudiwa kuwapa watu wa pembezoni usemi utakuwa umewapa jengo lisilo na wenyeji. Hata ruhusa yote ya asilimia 40 ikitumiwa, wadi ya Lamu haiwezi kuwa na watu chini ya 19,682. Kwa hesabu hiyo kaunti nzima itapata wadi saba, na Lamu Mashariki, iliyokuwa na watu 22,258, itaangukia wadi moja tu. Mwakilishi mmoja atatakiwa kuzihudumia Siyu, Pate na Faza kisiwani, Kiunga iliyo karibu na mpaka wa Somalia, na vijiji vya Waboni vya Basuba. Katika eneo ambalo safari hutegemea mashua, maji kujaa na maji kupwa, huo si uwakilishi bali ni jina la uwakilishi.

Kipimo cha kaunti, kwa upande mwingine, hakimpendelei mtu bila sababu. Kwa sasa wadi tatu za Lamu Mashariki zina wastani wa watu 7,419 kila moja, ilhali wadi saba za Lamu Magharibi, iliyokuwa na watu 121,662, zina wastani wa watu 17,380. Tofauti hiyo inapita maradufu, na mkazi wa Hongwe ana haki ya kuidai sababu yake. Ikiwa wadi kumi zitabakia na wastani wa kaunti, yaani watu 14,392, kutumiwa pamoja na ruhusa ya asilimia 40, Lamu Mashariki itapata wadi mbili na Lamu Magharibi nane. Visiwa havitanyamazishwa, na bara haitapunjwa kama inavyopunjwa leo. Kila upande utatoa kitu na kupata kitu, na hesabu yenyewe itaweza kuelezwa hadharani bila aibu.

Wapinzani watauliza: je, Nairobi itaambulia nini? Swali ni halali. Wastani wa jiji hilo umepita hata kikomo cha juu cha asilimia 40, ambacho ni watu 45,924, na kugawa upya wadi 85 zilezile hakuwezi kuuponya msongamano huo. Tiba imo katika tofauti ambayo husahaulika: idadi ya maeneobunge 290 imekazwa na Katiba yenyewe, ilhali idadi ya wadi 1,450 imewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, ambayo Bunge laweza kuirekebisha. Miji inayokua inaweza kuongezewa wadi bila ya vijiji vinavyokauka kunyang'anywa zake. Gharama ya wawakilishi zaidi haina budi kuhesabiwa kwa uangalifu, kwani mzigo wa mishahara ya umma ni mzito tayari. Lakini gharama ya mtaa wenye maelfu ya watoto na usio na msemaji wa kutosha huhesabiwa na nani?

Yapo pia yaliyo nje ya uwezo wa tume. Kipimo cha kitaifa kimeandikwa katika Katiba, na kukibadilisha si kazi ya siku moja. Isitoshe, hesabu yenyewe hugombaniwa: Januari 2025, Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 katika baadhi ya maeneo ya Mandera, Wajir na Garissa. Hata hivyo, Katiba hiyohiyo inaitaka tume iukaribie usawa hatua kwa hatua, wala haikuiagiza kuukata mti kwa shoka moja. Ndani ya nafasi hiyo, tume inaweza kuchapisha, kwa kila kaunti, jedwali linaloonyesha idadi ya watu wa kila wadi, umbali wake na wastani wa kaunti, na sababu ya kila tofauti iliyoachwa. Mwananchi asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu baada ya uamuzi kuchapishwa. Hawezi kuzitumia siku hizo ikiwa hakuelewa kilichoamuliwa.

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapoingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mzee wa Kizingitini anayejua jina la kila mlangobahari, na mama wa Kwa Njenga anayejua ni uchochoro upi unaotenga jamaa na jamaa, ndio mashahidi bora wa mipaka. Ushahidi wao ukidaiwa kwa lugha wasiyoimiliki, watakuwa wamefika barazani na bado hawapo. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanao ujuzi wa kusanifu istilahi za mipaka, kufasiri maelezo ya ramani, na kusaidia vikao vya umma katika kaunti wanakotoka. Kazi hiyo haihitaji kusubiri uchaguzi wa 2027 upite.

Mpaka wa wadi hauonekani ardhini. Hauna ukuta wala seng'enge. Lakini mkazi wa Kiunga na mkazi wa Embakasi huuhisi kila bajeti inaposomwa na jina la kijiji chao au mtaa wao lisitajwe. Haki ya mmoja haihitaji kuchotwa kutoka kwa mwingine, kwa kuwa kila mmoja ana bunge lake. Kinachohitajika ni kila bunge liwapime watu wake kwa mizani moja, na sababu za kipimo hicho zisemwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa.