Behewa la dola mbili limenitoa jasho!

Wiki hii umbea wa mapenzi nimeuweka kando. Nina habari ya behewa. Ndiyo, behewa la treni! Tena la plastiki, linaenea kiganjani. Cheka tu, na mimi nilicheka hivyo hivyo kabla halijanikalisha chini siku nne mfululizo.

Mnajua niko huku Columbus, Ohio, nabeba maboksi kama wenzangu. Sasa huku kuna watu wazima, wengine wastaafu wenye wajukuu, waliojaza reli ndogo kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao. Saizi inayopendwa zaidi inaitwa HO. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, anayo ya namna hiyo, ina stesheni, madaraja, mpaka karakana. Mwanangu wa miaka 12 akaiona siku moja, basi, ikawa ndiyo wimbo nyumbani.

Baba mtu nikajifanya mjanja. Nikapita mahali wanauza mitumba uani, nikaokota katoni ya mabehewa ya mizigo 11 kwa dola 20. Hesabu mwenyewe, moja halifiki dola mbili! Dogo alifurahi karibu apae.

Jumamosi, Mzee akakaribisha washkaji zake waendeshe treni ndefu, na dogo akaalikwa na behewa lake moja, jekundu. Likafungwa katikati ya msafara. Kona ya kwanza likaachia, nusu ya treni ikabaki nyuma. Likafungwa tena. Walipolisukuma kwa nyuma, pale reli inapogawanyika, likaanguka. Mara ya pili, mara ya tatu... Mmoja wa wale wazee akalinyanyua kwa upole, akaliweka pembeni juu ya meza, treni ikaendelea na safari.

Upole ule ndio uliouma. Dogo alirudi nyumbani kimya, kala nusu sahani. Mimi, kwa akili zangu za kubeba maboksi, nikamwambia, "Achana nalo, mdoli tu ule."

"Siyo mdoli, baba," akajibu, akaingia chumbani.

Usingizi ukagoma. Kwa sababu, wasomaji wangu, baba yangu mzazi alikuwa shanta relini pale Tabora, kazi yake kufunga na kufungua mabehewa. Mkono wake wa kulia hauna kidole cha shahada. Tangu utotoni nilijua ni "ajali ya kazini", basi. Sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema. Na mimi leo nimemwambia mjukuu wake behewa ni mdoli!

Kesho yake nikagonga mlango wa Mzee, behewa mkononi. Akalipindua tumbo juu, akatikisa kichwa. Akaniambia mwili wa behewa hauna kosa, ugonjwa uko kwenye viatu na mikono.

Mikono ndiyo viungio. Mabehewa mengi ya bei poa ya zamani yana kiungio kama ndoano iliyopinda, ambacho hakifanani na cha treni yoyote ya kweli. Kinashika kwa kusukumana ubavuni, kwa hiyo ukirudisha treni nyuma kinayabana mabehewa kando mpaka yanaruka reli. Kibaya zaidi, kilikuwa kimefungwa kwenye bogi. Bogi hapa sisemi behewa zima, nasema kile kigari cha magurudumu manne kinachozunguka chini yake. Ukisukuma, nguvu yote inakwenda kulipinda bogi badala ya kulisukuma behewa. Utasimama kweli?

Dawa yake ni kiungio cha ngumi, mfano wa treni halisi za Marekani. Kunja vidole vya mikono yako miwili uvinasishe, ndivyo kinavyoshika. Kile cha kweli kilivumbuliwa na Eli Janney, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1873. Kabla yake walitumia pete ya chuma na pini. Mtu anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayokutana, anaielekeza pete kwa mkono. Vidole vilikwenda, na roho zilikwenda. Mwaka 1893 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba treni zitumie viungio vinavyojifunga vyenyewe. Mzee alikuwa anasimulia huku anatafuta bisibisi, mimi namfikiria baba.

Kwa reli hizi ndogo, jina linalotajwa sana ni Kadee, wa kule Oregon. Kiungio chao namba 5 ndicho wengi walichozoea, na namba 148 ni ndugu yake mwenye springi zake mwilini, rahisi kufunga. Chini kina kiwaya kilichopinda kama mpira wa breki. Behewa likisimama juu ya sumaku iliyofichwa relini, kiungio kinafunguka bila mkono wa mtu.

Kazi ikaanza jikoni kwangu. Kwanza nikakata ule mkono wa zamani kwenye bogi, nikapiga tupa. Halafu unafunga kikasha cha kiungio kipya chini ya behewa lenyewe kwa skrubu. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa haraka zangu nikatoboa tundu kombo! Dogo, aliyekuwa amenuna anachungulia tu, akasogea. "Baba, polepole. Nipe mimi." Tukaziba kwa gundi na kipande cha plastiki, tukangoja kukauke, akatoboa yeye. Sawasawa katikati.

Ukimaliza unapima kimo kwa kipimo maalumu. Kiungio kikiwa chini kuliko cha mwenzake, kitateleza na kuachia. Chetu kilikuwa chini, tukapachika washa nyembamba kati ya bogi na behewa, kikapanda.

Sasa viatu. Magurudumu ya plastiki tukatoa, tukaweka ya chuma, maana ya plastiki yanazoa uchafu na kuupaka reli nzima. Ya inchi 33 kwenye treni ya kweli, hapa yanakuwa karibu milimita 10. Ekseli zake zimechongoka kama sindano, ukipuliza tu behewa linaondoka. Halafu kuna siri ya skrubu: bogi moja ulikaze liweze kuzunguka tu bila kuyumba, la pili ulilegeze kidogo liweze kuyumba. Behewa linakaa kama kigoda cha miguu mitatu, reli ikipanda au kushuka gurudumu haliachi.

La mwisho uzito. Chama chao, NMRA, kilichoanza mwaka 1935, kinapendekeza aunsi moja, kisha ongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Letu lina inchi 6, maana yake aunsi 4, kama gramu 113. Kwenye mizani ya jikoni lilisoma gramu 60! Jepesi kama andazi. Tukabandika ndani sarafu 20 za senti moja, kila moja gramu 2.5. Likasoma 110. Mzigo wa senti ishirini!

Mama watoto akauliza gharama. Magurudumu na viungio, zaidi kidogo ya dola 10. Akanitazama. "Yaani kiatu ghali kuliko mguu?" Sikuwa na jibu.

Usiku nikampigia baba kwa video. Dogo akamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikiwa, akanyanyua behewa kwenye kamera. Mzee akavaa miwani, akakitazama kile kiungio kimya muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "ukishafunga, usiondoke. Vuta kwanza. Kisipokataa kuachia, bado hujafunga. Mimi siku moja sikuvuta." Akanyanyua mkono wa kulia mbele ya kamera. Kisha akasimulia. Usiku, mvua, taa moja, behewa lililoanza kurudi lenyewe, naye akaingia katikati kulifunga upya. Miaka yote hiyo, na aliyekuja kuambiwa ni mtoto wa miaka 12 mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Mimi nilikuwa nimeshika simu tu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwa Mzee. Dogo akalifunga behewa jekundu katikati ya msafara, kisha akalivuta kidogo kwa kidole. Wale wazee wakatazamana. Treni ikaondoka, kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Likasukumwa kwa nyuma pale pale lilipoaibikia. Likapita.

Kwenye katoni yamebaki 10. Mama watoto ameshapiga hesabu ya dola mia na kitu, na jibu lake mnalijua. Dogo anasema la pili ni la babu, aandike TABORA ubavuni.

Haya, nyie wa Dar mnaopanda treni ya umeme mpaka Dodoma tangu 2024, siku mkipita stesheni, msalimieni yule anayetembea pembeni ya mabehewa. Tukutane wiki ijayo!